Siku tano au sita kwa kikundi cha watu 14 kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu?

Mhazini wa Tabata

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi wenzangu hapa Tabata. Tangu mwezi Machi tumekuwa tukichanga kila mwisho wa mwezi ili tupande Mlima Kilimanjaro na kusimama kileleni asubuhi ya tarehe 9 Desemba. Tarehe hiyo tumeichagua kwa makusudi, kwa sababu ndiyo siku ambayo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya kilele hicho mwaka 1961, nacho kikaitwa Uhuru hadi leo. Mzee wetu mmoja, ambaye mwaka huu anatimiza miaka 57, amesema hataki kustaafu kabla hajapaona.

Tupo 14, wanawake sita na wanaume wanane, na mdogo wetu ana miaka 24. Sote tumezoea usawa wa bahari. Kampuni tuliyozungumza nayo imetupa bei mbili za njia ya Marangu, moja ya siku tano na nyingine ya siku sita, na ukizidisha tofauti hiyo kwa watu 14 unapata fedha ambayo kwetu si ndogo hata kidogo. Baadhi ya wanachama wanaona siku ya sita ni ya kupumzika tu, na kwamba mtu anayekimbia kila Jumamosi asubuhi pale ufukwe wa Coco hana haja nayo. Naomba kujua, je, siku tano zinatosha?

Swali langu la pili ni la umoja wetu. Katika muhtasari wa kikao cha mwisho tumeandika kwamba tutapanda pamoja na kushuka pamoja, na asiachwe mtu. Je, waongozaji wanakubali utaratibu huo, au kuna jambo tunalopaswa kulipanga mapema?

Dada wa Kinondoni

Ndugu Mhazini, nakujibu kwa sababu sentensi ile ya muhtasari wenu nimeisoma mara tatu. Sisi pia tulikuwa nayo, karibu neno kwa neno.

Tulikuwa tisa, tukapanda kwa siku tano. Kule Horombo, kambi ya usiku wa pili, mwenzetu mmoja hakula. Alisema chakula hakina chumvi, akanywa chai nusu kikombe, akaingia kwenye begi lake la kulalia. Baadaye, tukiwa tumesharudi Dar es Salaam, ndipo aliponiambia kwamba kichwa kilikuwa kikimgonga tangu mchana wa siku hiyo, na kwamba alinyamaza kwa kuwa tulikwisha kukubaliana kuwa mmoja akishindwa wote tunashuka. Hakutaka kuwa yeye wa kutushusha sote. Umoja wetu, ambao tuliufanya kwa mapenzi, ndio uliomfunga mdomo.

Tuliondoka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa sita usiku. Kabla hatujafika pango la Hans Meyer, kwenye changarawe ile ambayo unapiga hatua moja na kurudi nusu, alikaa juu ya jiwe. Nilimmulika kwa tochi yangu ya kichwani. Alikuwa akijaribu kuvaa glavu ya kulia kwenye mkono wa kushoto, anaivua, anaigeuza, kisha anairudisha pale pale. Nilipomuuliza kama yuko salama alijibu "nipo sawa", lakini maneno yalitoka mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mwongozaji msaidizi hakujadiliana na mtu. Alimshika mkono, akamwinua, wakaanza kushuka wawili hao usiku ule ule. Walipofika Horombo alikuwa anazungumza vizuri na ameomba uji.

Tatizo ni kwamba kampuni ilikuwa imetupa waongozaji wawili tu kwa watu tisa. Alipougua wa pili, mwongozaji mkuu alibaki peke yake na ikabidi sote tugeuke, wakiwamo wenzetu ambao walikuwa na nguvu kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, ulizeni ni waongozaji wangapi watakaokuwa nanyi usiku wa kilele. Na sentensi ile ya muhtasari, nakuomba sana, ifuteni.

Mzaliwa wa Marangu

Nimefanya kazi ya kuongoza wapanda mlima kwa miaka mingi, na sasa naishi Mbezi. Dada amesema kweli tupu, nami nitaongeza hesabu.

Geti la Marangu liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,870. Siku ya kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo, mita 3,720. Na katika ratiba ya siku tano, ya tatu mnafika Kibo, mita 4,720, ambako mnajilaza saa chache tu kisha mnaamshwa kabla ya saa sita usiku kwenda mita 5,895. Wataalamu wa afya ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sisi tunapanda mita 1,000. Hata ratiba ya siku sita bado ina haraka kuliko ushauri huo, lakini inawapa usiku wa pili Horombo, na usiku huo mmoja una thamani kubwa sana.

Siku hiyo ya ziada haiitwi ya kupumzika isipokuwa na watu ambao hawajaifanya. Asubuhi mnapanda taratibu hadi Miamba ya Pundamilia, ile yenye michirizi myeupe na myeusi, karibu na mita 4,000, na wenye nguvu wanasogea zaidi kuelekea Mawenzi, kilele kingine cha mlima huu. Kisha mnarudi kulala pale pale chini. Mwili unaonjeshwa hewa nyepesi, halafu unapewa usiku wa kujirekebisha. Kukimbia Coco kunajenga miguu na mapafu, na ni jambo jema, ila hakuufundishi mwili kuishi na hewa ambayo mgandamizo wake kule kileleni ni karibu nusu ya ule wa pwani. Nimewahi kuwashusha vijana wanariadha huku mama mtu mzima aliyetembea polepole akifika kileleni, na sababu mara nyingi ni mwendo. Kijana mwenye nguvu hupanda haraka, na mlima huo humdai baadaye.

Kuhusu tarehe, kwa siku sita mnapaswa kuingia getini tarehe 5 Desemba. Tarehe 6 na 7 mnalala Horombo, tarehe 8 Kibo, na alfajiri ya tarehe 9 mko juu. Mnashuka kulala Horombo siku hiyo hiyo, na tarehe 10 mnatoka getini. Ondokeni Mbezi kwa basi la asubuhi tarehe 4, mlale Moshi au Marangu, wala msisafiri usiku kisha mkaanza kupanda bila kulala. Mvua za vuli wakati mwingine huburuta hadi Desemba, hivyo makoti ya mvua ni ya lazima, hasa msituni kabla ya Mandara. Viatu vya kukodi vipo Moshi, lakini kiatu kipya kwa mguu wako siku ya kwanza ya mlima ni malengelenge siku ya pili. Tafuteni mapema, vaeni kila mkitembea.

Kwa watu 14, mimi nisingekubali chini ya waongozaji watano au sita usiku wa kilele. Mgonjwa hashuki peke yake, na kila anayeshuka anaondoka na mwongozaji mmoja. Ulizeni pia wapagazi wanalipwa kiasi gani na wanalala wapi, kwa sababu bei ikiwa ya chini mno, punguzo hilo limetoka kwenye mgongo wa mtu. Kijana anayebeba mzigo wenu mbele yenu, akiwa na begi lake mwenyewe juu yake, ana familia inayosubiri kule Kirua au Mamba.

Viingilio vya hifadhi kwa raia wa Tanzania ni vya chini sana kuliko vya wageni, kwa hiyo ombeni kampuni iwachanganulie siku ya sita imegharimu nini hasa. Huenda mkakuta inazungumzika.

Muuguzi Temeke

Naomba nigusie afya, kwa kuwa kikundi kina mtu wa miaka 57 na sijaona mahali palipotajwa daktari.

Kila mmoja apimwe kabla ya kulipa fedha ya mwisho. Mwenye shinikizo la damu anaweza kuruhusiwa ikiwa limedhibitiwa, lakini uamuzi huo ni wa daktari wake, na asibadilishe dawa zake kwa ushauri wa jukwaani. Jambo ambalo vikundi vingi vya hapa kwetu hulisahau ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kupelekwa kwenye mwinuko wa namna hii, na hata aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajaugua, anaweza kupata madhara ya wengu akiwa juu sana. Kwa kuwa selimundu ni ya kawaida nchini mwetu, kipimo hicho si cha kupuuzwa.

Ipo dawa inayoitwa asetazolamaidi ambayo husaidia mwili kuzoea mwinuko. Huandikwa na daktari, humfanya mtu akojoe mara kwa mara na kuhisi ganzi vidoleni, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme mapema. Haichukui nafasi ya siku ya ziada. Dawa za usingizi na pombe ziachwe kabisa.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kisichotulia kwa maji na parasetamoli, kikiambatana na kutapika, kinamaanisha hakuna kupanda zaidi. Halafu kuna kipimo ambacho kila mmoja wenu anaweza kumfanyia mwenzake: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akiyumba, au akivaa glavu kama yule ndugu wa Kinondoni, ubongo wake umeanza kuvimba. Anayehema akiwa ameketi na kukohoa bila kukoma, mapafu yake yanaingia maji. Hao wote tiba yao ni kushushwa mara moja, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana.

Mhazini wa Tabata

Nawashukuru sana, dada zangu na kaka yangu. Jana jioni tulikaa kikao cha dharura, nikawasomea majibu yenu yote, na sehemu ya glavu ilinyamazisha watu.

Tumekubaliana siku sita, tukiingia getini tarehe 5. Kampuni tumeiandikia kuomba waongozaji sita na mchanganuo wa gharama, ukiwamo ujira wa wapagazi. Sentensi ya muhtasari tumeifuta, na mahali pake tumeandika kwamba kila mwanachama ana haki ya kugeuka wakati wowote bila kuulizwa, kwamba mwongozaji akisema mtu ashuke hakuna wa kupinga, na kwamba wenzake wataendelea. Tumegawana pia wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa kumwangalia asubuhi na jioni, kama amekula na kama anatembea sawasawa.

Mzee wetu wa miaka 57 alikuwa wa kwanza kusaini, na Jumatatu anakwenda kupima. Dada mmoja alituambia kikaoni, jambo ambalo hatukulijua, kwamba kaka yake ana selimundu, hivyo naye atapima wiki hii hii kabla hatujalipa awamu ya mwisho. Mwisho wa mwezi tunapanda treni hadi Morogoro, tutembee Uluguru siku mbili na viatu vile vile tutakavyokwenda navyo Marangu.