Meza ya kompyuta ya kugusa katika chumba chenye jua la asubuhi: naomba ushauri

Mkazi wa Dunda
Habari zenu wanajukwaa. Kikundi chetu hupokea wanafunzi wanaokuja kuona magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Tunacho chumba kinachotazama bahari, na tungependa kuweka humo kompyuta yenye umbo la meza, ili watoto sita au wanane waizunguke ramani moja ya njia ya misafara ya kwenda Ujiji, waikuze na kuisogeza kwa vidole, badala ya kusubiri nyuma ya mwenzao aliyeshika kipanya. Muuzaji ametuletea meza iliyotumika ya Microsoft, ile ya zamani yenye kioo cha inchi 30. Tulipoijaribu saa moja asubuhi, madirisha yakiwa wazi, ramani ilizunguka yenyewe bila kuguswa na mtu. Jioni ikatulia kabisa. Je, ni mbovu? Fedha ni ya kikundi, nami sitaki ipotelee mikononi mwangu.

Fundi wa Ngamiani
Ndugu, meza hiyo si mbovu. Ilitangazwa mwaka 2007 kwa jina la Surface, na haihisi kidole kama simu inavyohisi. Chini ya kioo mna projekta, taa ya infraredi isiyoonekana kwa macho, na kamera 5. Kidole kikigusa kioo, hurudisha mwanga ule chini, kamera zikaona doa, na programu ikalihesabu doa hilo kuwa ni mguso. Sasa jua nalo lina infraredi tele, na kwenu Bagamoyo linachomoza baharini, kwa hiyo miale ya asubuhi huingia dirishani ikiwa mlalo na kutua kwenye kioo. Hata mkono wa kanzu ukiburura juu ya kioo unaweza kuhesabiwa kuwa kidole. Kwa upande mwingine, kamera hizo hutambua vitu vyenye alama maalumu vinavyowekwa juu ya meza, jambo ambalo mimi nalipenda sana: mtoto angeweza kuweka kigae cha mbao juu ya ramani na habari za kituo kile cha misafara zikafunguka.

Angalia programu kabla ya kulipa. Meza ile ilitoka na Windows Vista, ambayo haijapata marekebisho ya usalama tangu 2017, hivyo usiiunganishe na intaneti.

Mwalimu, Chumbageni
Nakubaliana na Fundi. Skrini kubwa inayohisi kidole kwa umeme, kama ya simu, ikilazwa kama meza haitasumbuliwa na jua kwa namna hiyo, ila matone ya maji huichanganya, basi wekeni kitambaa cha kufutia mikono mlangoni. Kuongoza kwa ishara za mikono hewani, zinazosomwa na kamera, sishauri: mikono huchoka upesi, na watoto wakiizunguka meza hukingana mbele ya kamera.

Linalonihangaisha zaidi ni mtoto mkimya kuachwa pembeni na wenzake, kwa sababu kioo hakijui mkono ni wa nani. Mwaka 2001 maabara ya Mitsubishi huko Marekani ilitengeneza DiamondTouch, meza iliyotambua kila mgusaji kupitia kiti alichokalia. Kwa kuwa meza yenu haina uwezo huo, gaweni ramani kwa zamu, kila mtoto na kituo chake.

Mkazi wa Dunda
Ahsanteni sana. Leo asubuhi tumetundika mikeka miwili dirishani, na ramani haikutikisika hadi mtoto mmoja alipofungua mlango wa upande wa baharini. Tutahamishia meza chumba cha nyuma tuijaribu tena kwa wiki nzima, na muuzaji amekubali kusubiri.