Watafiti wa mifongo ya Kilimanjaro, mnaandika nini?

Wakuu, salamu. Uzi huu una hasira, mnivumilie.

Kila kiangazi wanapanda wataalamu wa mila na historia ya ukoloni, kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) mkononi, barua ya wilaya, karatasi zote sawa. Siku nne Old Moshi, halafu ripoti inatoka: eti mifongo, hii mifereji ya asili ya Wachagga ya kumwagilia mashamba, walileta Wajerumani. Jamani! Mwingereza Harry Johnston alikaa Moshi kwa Mangi (chifu) Rindi mwaka 1884, akaandika habari za mifereji aliyoikuta ikimwagilia mashamba. Wajerumani walipata hati yao ya ulinzi 1885. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Kinachochoma zaidi ni banio, kile kizuizi cha mtoni kinachogeuza maji yaingie kwenye mfongo. Wameona mawe, matawi, magogo ya migomba na mabonge ya udongo wenye nyasi, maji yanapenya katikati, wakaandika "upotevu". Lile banio linavuja kwa sababu linatakiwa livuje! Yanayopenya ni haki ya mfongo wa chini. Masika mto ukifurika unalisomba, mfereji unapona, watu wanalirudishia. Sasa weka zege na geti la chuma kama wanavyoshauri: wa juu anageuza usukani wa geti, wa chini anabaki na mawe makavu. Mafuriko nayo, yakikosa pa kubomoa, yanaingiza mchanga kwenye mfereji, mnashinda na makoleo.

Nduwa nayo, bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfongo, wameiita "bwawa lililotelekezwa" kwa kuwa waliikuta tupu saa sita mchana. Mlitaka saa sita iwe na nini? Maji ya kiangazi ni membamba, ukiyaachia hivyo hivyo ardhi inayanywa kabla hayajafika shamba la mwisho. Ndiyo maana yanakusanywa usiku, alfajiri kizibo kinatolewa, yanashuka kwa kishindo. Zamu anapanga meni mfongo (msimamizi wa mfereji), na asiyetokea siku ya kusafisha mfereji anatozwa faini au ananyimwa maji. Hayo hamyaoni kwenye ripoti maana meni mfongo hakuulizwa. Aliulizwa mwongoza watalii (kijana mzuri tu, lakini kazi yake ni kupandisha wageni mlimani).

Mtafiti uliyemo humu: njoo Februari, tembea mfongo mzima, kutoka banio hadi shamba la mwisho, na uanze saa kumi na moja alfajiri, siyo baada ya chai ya saa nne. Rasimu isomwe kijijini, kwa Kiswahili, kabla haijachapwa.