Mlituita watoto wa vikatuni, leo mnatucheka kwa kusema "Sangoku". Daftari langu lirudi (Kigoma mjini)

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta, maana kila nikiusoma naona matusi yamezidi. Huu wa nne nauacha ulivyo. Ni mrefu, asiye na muda apite. Ila walioandaa lile tamasha la anime (vikatuni vya Kijapani) hapa Kigoma wiki tatu zilizopita nawaomba wausome mpaka mwisho, kwa sababu simu zangu hawapokei.

Nianzie mlangoni. Kiingilio 10,000, mtoto 5,000. Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 13 na anime ya Naruto ameimaliza yote. Yeye ndiye aliyeniletea tangazo. Nililipa bila kusita, maana kitu kama kile nimekingoja mji huu tangu nikiwa darasa la sita. Tukaingia. Meza ya kwanza fulana, 25,000 moja. Nikaishika moja nikaikunjua. Picha ni ya Vegeta, mpiganaji wa anime ya Dragon Ball: nywele zimesimama kama mwali wa moto, paji la uso wazi, mikono kaikunja kifuani, ndita zimemjaa. Chini yake pameandikwa GOKU, jina la shujaa mkuu wa Dragon Ball, kwa herufi kubwa. Nikamwambia kijana anayeuza, kwa upole kabisa, huyu ni Vegeta, mdogo wangu. Akaichukua, akaikunja, akairudisha kwenye rundo. "Zinauzika hivyo hivyo, brother."

Pale ndipo ningegeuka nirudi nyumbani.

Sasa mniache nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila hii sehemu hamtaelewa nilichofanyiwa.

Mwaka 2002, pale Mwanga, kulikuwa na kibanda umiza cha mabati, televisheni ya inchi 14 na deki moja. Kiingilio cha watoto shilingi 50. Mchana muvi za Kichina, jioni mpira, na kama mwenye kibanda alikuwa amepata mzigo mpya, Jumamosi asubuhi tunawekewa Dragon Ball. Mzigo ulikuwa unapita Kibirizi, kwenye maboti, umefungwa pamoja na vitenge vya Kongo. CD zote zilikuwa za Kifaransa. Hakuna maandishi chini, hakuna tafsiri. Sisi watoto wa Kiha na wa Kimanyema, Kifaransa tutakijulia wapi? Aliyetuokoa ni kinyozi mmoja Mkongomani aliyekuwa na kiti chake nje ya kibanda. Kazi ikipungua anaingia, anasimama pembeni ya televisheni na kitambaa begani, anatutafsiria kwa Kiswahili cha kwao: "Ule anasema atabauwa bote!" Tulikuwa tunapiga kelele mpaka mabati yanatikisika.

Kwenye CD zile Goku hakuitwa Goku. Aliitwa Sangoku. Mwanawe Sangohan. Frieza, adui yao, aliitwa Freezer, Krillin, rafiki yake Goku, ni Krilin, na Piccolo, msishangae, aliitwa Petit Coeur. Ndivyo walivyotafsiri Wafaransa. Wao walianza kuionyesha kwa watoto wao mwaka 1988, na Dragon Ball Z yenyewe Marekani iliingia 1996. Maana yake majina ya Kifaransa yalitangulia haya mnayotufundisha leo, na ndiyo yaliyovuka ziwa kuja kwetu. Mtu yeyote wa rika langu kuanzia Kigoma hadi Bujumbura, Uvira na Kalemie, mwambie Sangoku, atakujibu.

Tena hilo jina lina mantiki yake. Huyu bwana jina lake kamili ni Son Goku. Son ni la ukoo, Goku ndilo lake. Akira Toriyama, mtunzi na mchoraji wa Dragon Ball, alilitoa kwa yule mfalme wa nyani wa hadithi ya kale ya Wachina, Sun Wukong, ambaye Wajapani wakilisoma jina lake wanasema Son Goku. Ndiyo maana watoto wake ni Son Gohan na Son Goten. Wafaransa walichukua jina zima wakaliunganisha, matamshi yakapinda kidogo. Anayesema Sangoku amemtaja mtu na ukoo wake.

Umeme nao. Kigoma ya wakati ule ilikuwa ya majenereta, gridi ya Taifa tuliisikia redioni. Kuna Jumamosi moja sitaisahau. Sangoku yuko sayari ya Namek, kanyanyua mikono anakusanya Genkidama, ule mpira wa nguvu anazochangiwa na viumbe wengine, Freezer bado hajaiona. Sisi tuliokaa chini kwenye vumbi tukanyanyua mikono pamoja naye, kila mtu, tumpe nguvu. Umeme ukakatika. Hakuna aliyetoka. Tulikaa ndani ya lile giza na mikono juu, jasho linatiririka, tukingoja. Umeme haukurudi siku ile. Ilinichukua miezi miwili kujua kwamba Genkidama haikumuua Freezer, kwamba Krilin alikufa, na kwamba hapo ndipo nywele za Sangoku zilipogeuka dhahabu.

Miezi miwili hiyo mimi na rafiki yangu, mdogo wake yule kinyozi, tulijiandikia wenyewe kilichofuata. Kwenye kaunta buku. Yeye anaandika kwa Kifaransa upande mmoja, mimi Kiswahili upande wa pili, katikati michoro. Tuliendelea na lile daftari mpaka 2006, yeye na kaka yake waliporudi kwao.

Na tulilipia. Mwalimu wa zamu alinichapa fimbo nne kwa kadi za wapiganaji nilizochora juu ya maboksi ya sabuni. Mhubiri mmoja alikuja mtaani akasema zile ishara za vidole za Naruto ni za kumwita shetani, mama akachoma michoro yangu ya mwaka mzima, daftari likapona kwa sababu wiki ile lilikuwa kwa rafiki yangu. Na kidato cha pili kulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye kila nikiingia darasani anaimba "mtoto wa vikatuni kaja", darasa zima linapokea. Miaka miwili hiyo. Nilifika mahali nikawa nasubiri kengele ilie ndipo niingie, ili nimkute mwalimu yumo ndani.

Huyo mwenzetu ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa tamasha. Simtaji jina, anajijua. Alikuwa amevaa joho jeusi lenye mawingu mekundu, lile la Akatsuki kwenye Naruto.

Niliposhika kipaza sauti kwenye shindano la maswali sikuwa na kinyongo, naapa. Nilifurahi. Nilijisemea moyoni, kumbe naye amekuja. Swali likawa: nani alimuua Krillin kule Namek, na nini kikafuata? Nikajibu Freezer, na Sangoku akageuka Super Saiyan, zile nywele za dhahabu, kwa mara ya kwanza. Akarudia: "San... nani?" Nikasema tena, Sangoku. Akawageukia watu. "Jamani, huyu mzee ana Goku wake wa Kichina!" Ukumbi ukaangua kicheko. Akaninyang'anya kipaza sauti, akampa dogo mmoja aliyesema "Frieza, na Goku akawa Super Saiyan", akampigia makofi, akampa zawadi. Jibu ni lile lile! Jioni ile ile kwenye kundi lao la WhatsApp nikakuta picha yangu imekwisha kugeuzwa stika, imeandikwa MZEE SANGOKU.

Mpwa wangu hakusema kitu mpaka tumepanda bajaji ya Ujiji. Akaniuliza, "Mjomba, mbona hukuwaambia?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Naomba hapa nieleweke. Sina ugomvi na anayeanza leo. Anime sasa ni ya dunia nzima na mimi nimeombea hilo tangu utotoni. Mkimbiaji Noah Lyles, kabla hajatwaa dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris 2024, alichomoa kadi ya Yu-Gi-Oh, anime ya wapiganaji wa kadi, mbele ya kamera kwenye mchujo wa Marekani, nami nilikumbuka maboksi yangu ya sabuni, nikasimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi. Mtoto wa Mwandiga mwenye simu na bando anaona kipande kipya siku kinapotoka Japani. Hilo ni jema tupu. Wapo pia wazee wenzangu wanaowasimanga vijana eti wamekuja na gari la mwisho, eti kama hukuona CD za Kifaransa si shabiki. Hao nao siwatetei, wanafanya yale yale tuliyofanyiwa.

Kinachoniuma ni mtu aliyenifukuza nyumbani, leo kahamia humo humo, kaweka geti, na mimi ananidai kitambulisho. Aliyetuzomea hakurudi kusema "nilikosea". Karudi na fulana.

Sasa daftari.

Nilikwenda nalo siku ile kwa sababu tangazo lilisema kutakuwa na meza ya "kumbukumbu za mashabiki". Kabla ya shindano, binti mmoja wa waandaaji alilipokea vizuri tu, akalifungua, akaniambia wanaomba kulibakiza usiku huo walipige picha ukurasa kwa ukurasa, kesho yake nilifuate. Nikampa. Hilo ni kosa langu, najua. Kesho yake ukumbi umefungwa. Nikapiga simu: "kesho brother". Nikapiga tena: yuko safarini, yuko Kasulu. Tangu wiki ya pili hazipokelewi. Meseji wanasoma, alama mbili za buluu zinatokea, kimya.

Na Jumapili iliyopita mpwa wangu ndiye aliyeniletea simu, mkono unamtetemeka. Ukurasa wao umeweka michoro saba ya daftari langu. Wameikata pembeni, maandishi ya Kifaransa na ya Kiswahili yote yameondolewa, na katikati ya kila mchoro wamepiga nembo yao. Juu wameandika "kazi za wasanii wetu". Wasanii gani? Ule wa Freezer amekaa kwenye kiti chake kinachoelea niliuchora mimi, kwa bic ya bluu, 2003, ndiyo maana mkia hauna mwisho: wino uliisha. Ule wa Petit Coeur aliuchora rafiki yangu, na yeye vidole alikuwa anavichora vinne, kwa sababu Petit Coeur mwenyewe kwenye anime ana vidole vitano lakini kwenye kitabu cha Toriyama ana vinne, na sisi tulikuja kujua hilo kwa kurasa mbili za kitabu zilizofungiwa bidhaa kutoka Bujumbura. Tuligombana siku nzima kwa ajili ya kidole kimoja! Leo kuna watu huko chini wanaandika "mchoraji kakosea vidole", na ukurasa unajibu kwa vikatuni vya kucheka.

Toriyama alifariki tarehe 1 Machi 2024, akiwa na miaka 68. Habari zilipotoka, tarehe 8, nililifungua lile daftari usiku nikalisoma lote. Ndiyo mara ya mwisho nimelisoma.

Ninachotaka ni vitu vitatu na havina gharama. Stika ifutwe. Michoro ishushwe, au irudishwe mizima bila nembo, na majina yetu mawili. Na daftari lirudi. Pesa sitaki, na wala sihitaji mtu aniite jukwaani.

Kwa yeyote mwenye kuliona: ni kaunta buku kubwa, limejaladiwa kaki ya mfuko wa saruji, kona ya chini kulia imeungua na mshumaa. Ukurasa wa kwanza ni ramani ya Namek, na visiwa vyake vimechorwa kama Bangwe na vilima vyake. Alipeleke kwa mlinzi wa ule ukumbi, hana haja ya kujitaja wala kunieleza alilipataje. Kurasa zikiwa zimechanika sitauliza. Naomba tu ule wa mwisho uwepo. Hauna mchoro. Una neno Kalemie na namba ya sanduku la posta, kwa mwandiko wa rafiki yangu, aliyoiandika asubuhi ya kuondoka pale Kibirizi, na mimi sikuwahi kuinakili mahali pengine.