Njia ya kuwa mtunza makumbusho wa sanamu za Ulaya: naomba ushauri

Binti wa Ukumbini (London)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa nasema shikamooni.

Nina shahada ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tatu nalinda kumbi katika jumba moja la makumbusho hapa London. Kazi yangu ni kusimama, kuwaelekeza wageni, na kuangalia kwamba hakuna mkono unaogusa kitu. Kusimama huko kumenifundisha kutazama, na nimejikuta ninavutwa na sanamu za marumaru, shaba na mbao kuliko picha za rangi. Siku zangu za mapumziko huenda jumba la makumbusho la Victoria and Albert, ambako kuna sanamu ya kichwa na mabega ya daktari mmoja wa Florence, Giovanni Chellini, iliyochongwa na Antonio Rossellino mwaka 1456. Mikunjo ya ngozi ya mzee yule imechongwa kwa namna ambayo mtu akisogea karibu anahisi kama yuko mbele ya babu yake aliyelala macho wazi. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara naondoka na swali jipya.

Nilipomweleza mkubwa wangu mmoja wa kazini kwamba natamani siku moja niwe mtunza wa sanamu za Ulaya, alinijibu kwamba hiyo ni kazi ya watu waliosoma historia ya sanaa tangu shahada ya kwanza, na kwamba nitafute jambo linalonifaa. Maneno hayo yaliniumiza, lakini sitaki kuyapinga kwa hasira. Nataka kujua ukweli. Je, wapo waliofika huko kwa njia nyingine? Mtunza wa sanamu hufanya nini hasa siku baada ya siku? Na mtu kama mimi aanzie wapi?

Mzee wa Stoo (Berlin)

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika stoo na ofisi ya kumbukumbu za makumbusho hapa Berlin. Sikuwahi kuwa mtunza, lakini nimekaa na watunza kiasi cha kuijua kazi yao kwa ndani.

Kwanza tutenganishe maneno, maana nyumbani tumezoea kumwita mhifadhi kila mtaalamu wa makumbusho, ilhali huku kuna watu wawili. Mtunza ndiye anayepaswa kujua kitu ni nini, kimechongwa na nani, kimepita mikononi mwa nani, na kama kinafaa kununuliwa, kuazimwa au kuonyeshwa. Fundi wa ukarabati ndiye anayejua kitu kinaumwa nini na kitatibiwaje. Wawili hao hawawezi kuachana, lakini masomo yao ni tofauti, nawe uamue mapema unamtaka yupi.

Mkubwa wako hakukuambia ukweli wote. John Pope-Hennessy, ambaye kwa sanamu za Italia ni mmoja wa watunza wakubwa wa karne ya 20, alisoma historia pale Balliol, Oxford, kama wewe ulivyoisoma Mlimani. Aliingia Victoria and Albert mwaka 1938, vita vikamtoa, akarudi, na kuanzia 1954 hadi 1966 aliongoza idara ya usanifu majengo na sanamu. Baadaye aliliongoza jumba hilo zima, kisha British Museum, kisha akahamia Metropolitan ya New York. Sitakuficha kwamba alizaliwa katika familia yenye jina, baba yake akiwa jenerali na babu yake gavana wa makoloni, na milango ya wakati ule ilifunguka kwa watu wa namna hiyo. Hata hivyo, mlango humwingiza mtu ndani tu. Kilichomfanya asikilizwe ni kazi, na hasa katalogi ya sanamu za Kiitalia za jumba lile, juzuu tatu, aliyoitoa mwaka 1964 pamoja na Ronald Lightbown.

Naomba uifikirie katalogi hiyo kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo kazi unayoiulizia. Kuorodhesha sanamu moja ni kuipima, kuigeuza, kuitazama mgongo na kitako, kusoma alama za patasi na tindo, kutafuta ilikotoka, kusoma yote yaliyoandikwa juu yake kwa lugha tatu au nne, kisha kusema kwa maneno machache unachoamini na sababu ya kukiamini. Wageni huona maonyesho, nayo yana thamani yake, lakini maonyesho hufungwa baada ya miezi michache. Orodha iliyofanywa kwa uaminifu hutumika hata miaka 60 baadaye, pamoja na masahihisho ya waliofuata.

Umemtaja Chellini, nami nafurahi sana, maana daktari huyo ana kisa cha pili katika jumba lilelile. Aliandika katika daftari lake la hesabu kwamba mwezi wa Agosti mwaka 1456 mchongaji Donatello, aliyekuwa mgonjwa wake, alimpa duara la shaba lenye sura ya Bikira Maria na Mtoto, na kwamba upande wa nyuma ulikuwa umechimbwa ili kioo kilichoyeyushwa kikimiminwa humo kitoke na sura ileile. Duara lenye mgongo wa namna hiyo lipo, na Victoria and Albert ililinunua mwaka 1976 baada ya watu kuchangishwa fedha. Hapo unaona kazi yenyewe: upande mmoja kipo kitu kisicho na jina, upande mwingine yapo maandishi yasiyo na kitu, na mtunza ndiye anayevikutanisha. Aliyetazama mbele tu asingejua lolote.

Na ujue pia kwamba jicho la mtaalamu huweza kupotoka. Wilhelm von Bode, ambaye jumba la sanamu la hapa Berlin lina jina lake, alinunua mwaka 1909 sanamu ya nta ya mwanamke iitwayo Flora, akiamini kwamba ni kazi ya Leonardo da Vinci. Muda si mrefu mtoto wa Richard Cockle Lucas, mchongaji Mwingereza, akatangaza kwamba baba yake ndiye aliyeitengeneza. Bode hakukubali, na ubishi ukaendelea hata baada ya yeye kufa, mpaka vipimo vya umri kwa kaboni vilivyotangazwa mwaka 2021 vilipoonyesha kwamba nta ile ni ya karne ya 19. Bode alikuwa mjuzi wa kweli na mwenye bidii kubwa. Alichokosa siku ile ni utayari wa kurudi nyuma.

Kuhusu njia za leo: Uingereza utahitaji shahada ya uzamili ya historia ya sanaa au ya makumbusho, na kwa nafasi nyingi za sanamu utashindana na wenye uzamivu. Ziko nafasi za uzamivu zinazoendeshwa na makumbusho na chuo kikuu kwa pamoja, na kwa mtu aliyesoma historia ndizo ningezitazama kwanza. Ujerumani, mwenye shahada huanza kwa mafunzo ya kazi, kwa kawaida miaka miwili, ndani ya jumba lenyewe. Ufaransa kuna mtihani wa ushindani wa Institut national du patrimoine, chuo cha taifa kinachofundisha watunza, nao huwa wazi kwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo usiutegemee.

Fundi wa Mawe

Dada, naunga mkono aliyoyasema Mzee, nami naongeza la upande wangu wa ukarabati, kwa sababu mtunza wa sanamu asiyejua uzito wa jiwe ni hatari kwa jumba lake.

Mita moja ya ujazo ya marumaru ina uzito wa karibu tani 2.7. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya siku za mtunza wa sanamu hupita katika mazungumzo na wahandisi, wapakiaji na mafundi wa vipandio, yaani vitako vya kusimamishia sanamu: sakafu inabeba kiasi gani, lifti inapitisha nini, sanamu isimame juu ya nini. Tarehe 6 Oktoba 2002 katika Metropolitan, New York, kipandio cha mbao kilibonyea, na sanamu ya Adamu ya Tullio Lombardo, iliyochongwa miaka ya 1490 kwa ajili ya kaburi la mtawala Andrea Vendramin wa Venice, ikaanguka na kuvunjika vipande 28 vikubwa na vingine vidogo mamia. Ilirudi mbele ya watu mwezi wa Novemba 2014. Katika miaka hiyo 12 hawakukimbilia gundi. Walivipiga vipande picha za leza, wakavijenga upya kwenye kompyuta, wakajaribu gundi na pini za aina mbalimbali juu ya marumaru nyingine, na mwishowe wakatumia pini tatu tu, mbili kwenye vifundo vya miguu na moja kwenye goti. Gundi waliyoichagua inaweza kuondolewa, ili mafundi wa baadaye wakipata njia bora wasikute wamefungiwa mlango. Watunza na mafundi waliamua mambo hayo pamoja, na uvumilivu wao naustahi kuliko maonyesho mengi niliyowahi kuyaona.

Usidharau pia mbao. Sanamu nyingi za Kijerumani za wakati wa mchongaji Tilman Riemenschneider, aliyefariki Würzburg mwaka 1531, zimechimbwa mgongoni, kwa sababu gogo likiachwa zima hupasuka linapokauka. Zilikusudiwa kuegemea ndani ya altare, na mgongo haukuonekana. Ukizitazama kwa mbele tu utasifu sura. Ukiuona mgongo utamwelewa fundi.

Mkaazi wa Upanga (Dar es Salaam)

Naomba niulize kwa heshima, na swali langu halina nia ya kumvunja moyo dada yetu. Vitu vyetu vingi vimo katika stoo za Ulaya, na wataalamu wetu ni wachache. Kwa nini kijana wetu mwenye kipaji cha kutazama akakitumie kwa marumaru za Florence?

Nakiri kwamba hata huku tunaishi na sanamu za Ulaya bila kuzisoma. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya jiji letu ni kazi ya mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, nayo ilizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na chini yake askari Mwafrika akimtazama juu. Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916, ikapelekwa London, kisha Hamburg, ambako ilisimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922 mpaka wanafunzi walipoiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Nimepita chini ya Askari maisha yangu yote, na sijakutana na Mtanzania aliyenieleza ilivyomiminwa.

Mzee wa Stoo (Berlin)

Ndugu wa Upanga, swali lako ni la haki, na umelijibu nusu wewe mwenyewe. Anayejua namna wachongaji wa Ulaya walivyofanya kazi ndiye atakayeweza kutueleza kwa nini Wissmann aliwekewa askari miguuni, na kwa nini baadaye askari akapandishwa juu ya nguzo peke yake. Elimu ya sanamu za Ulaya si mali ya Ulaya.

Kuanzia 2017 hadi 2019 Bode-Museum iliweka sanamu za Afrika pembeni ya zile za Ulaya. Bikira wa Ravensburg, kazi ya Michel Erhart ya karibu mwaka 1480, anayewafunika waumini kwa joho lake, aliwekwa karibu na Mangaaka, sanamu ya nguvu ya kutoka Kongo iliyochomwa misumari mingi mwilini. Zote mbili zilitengenezwa ili kuwalinda watu. Nilisimama pale asubuhi moja kabla ya milango kufunguliwa, nikatamani sana kwamba mmoja wa walioandika vibao vile angekuwa amekua akisikia neno kinga nyumbani kwao kwa Kiswahili.

Binti wa Ukumbini (London)

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Fundi, maneno yako kuhusu mgongo wa mbao yamenikumbusha baba yangu mdogo, ambaye ni mchonga milango Unguja. Yeye huacha mbao za msaji zikae muda mrefu kabla ya kuzigusa, na tangu utotoni nilimsikia akisema mbao ikiharakishwa hulipiza. Sikuwahi kufikiri kwamba hayo ni maarifa ninayoweza kuingia nayo katika kazi hii.

Kwa ndugu wa Upanga, nimeliweka swali lako moyoni, na silioni kama lawama. Nabaki na maswali mawili: lugha ipi nianze nayo, na nifanye nini mwezi huu, kabla ya maombi ya masomo?

Mzee wa Stoo (Berlin)

Anza na Kiitaliano, kwa sababu umeshampenda Chellini na mapenzi yatakusaidia kuvumilia sarufi. Kijerumani kifuate, maana sehemu kubwa ya maandishi ya zamani kuhusu sanamu za Italia iko kwa lugha hiyo.

Kwa mwezi huu, nenda kwenye kumbi za nakala za plasta palepale Victoria and Albert, zilizofunguliwa mwaka 1873, ukaone nakala ya nguzo ya Trajan ya Roma, iliyokatwa vipande viwili kwa kuwa dari halikutosha. Humo utafunzwa kutofautisha alama ya tindo na alama ya mshono wa kalibu. Kisha rudi kwa daktari wako na uandike maneno 500 juu yake bila kusoma kibao: kipimo, jiwe, mahali patasi ilipopita, mahali iliposita, na jambo moja unaloweza kulithibitisha kwa jicho lako mwenyewe. Mwombe na baba yako mdogo akueleze kwa simu angeanza kuchonga upande upi. Ukimaliza yaweke hapa, nami na Fundi tutayasoma.

Fundi wa Mawe

Nitayasoma. Na ukiandika, anza na masikio. Watu wengi huyaruka.