Binti yangu anasoma riwaya za umaskini na UKIMWI, baba yake anataka aache. Nishaurini

MamaNeema
Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Binti yangu yupo kidato cha pili. Likizo hii kakuta vitabu vya kaka yake, akaanza na Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, kisha Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, ile familia ya Uganda inayoteketea kwa UKIMWI. Tangu hapo maswali hayaishi. Wanaookota makopo jaani wanalala wapi? Mtoto anarudishwaje nyumbani kisa hana sare? Juzi nimemkuta kamkalisha barazani mtoto anayepitisha beseni la visheti mtaani kwetu, anamuuliza anasoma shule gani. Miaka yote alikuwa anamwona anapita tu, hata jina lake halijui.

Mimi nimefurahi. Baba yake anasema riwaya zinamtia simanzi, chakula anagusagusa tu, na sayansi ndiyo itakayomtoa. Ni kweli kuna usiku alilia. Nimwache aendelee au nivifungie kabatini?

TichaFasihi
Dada, usivifungie. Wanafunzi wangu wengi wanakariri dhamira kutoka kwenye notisi, kitabu chenyewe hawakifungui. Ukiwauliza kuhusu umaskini wanakuandikia "ni hali ya kukosa mahitaji muhimu", basi. Anayeniuliza Peter na Zita, wale watoto wa Mama Ntilie, walikosa nini hadi wafukuzwe shule, huyo kasoma kweli, na nikimpata mmoja kwa muhula nashukuru.

Mweleze na yaliyobadilika: ada ya msingi iliondolewa 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne 2016. Halafu mwache aangalie darasani kwake nani bado anahangaika na sare, madaftari na nauli.

Mzee_wa_Temeke
Mama, baba naye ana hoja. Mtoto akisusa chakula si jambo la kupuuza. Asisome peke yake usiku. Asome sebuleni, mzungumze.

NesiCTC
Naungana na Ticha, lakini kuna jambo lazima binti alijue. Kile cha Passed Like a Shadow kinasimulia enzi ambazo kupata virusi kulikuwa kusubiri kifo. Kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na dawa za bure zikaanza kutolewa 2004. Hiyo miaka ya katikati ilizika watu wengi mno.

Leo kliniki nina mabinti waliozaliwa na VVU, wapo vyuoni. Anayemeza dawa vizuri virusi vinafubaa hadi kipimo hakivioni, na akidumu hivyo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Binti akibaki na picha ya kitabuni peke yake, atamtazama mwenzake anayetumia dawa kama marehemu mtarajiwa. Huruma ya hivyo inaumiza kuliko matusi. Wapo watoto wa bweni wanaohamisha vidonge kutoka kwenye kopo na kuvifunga kwenye kitambaa, maana kopo likitikisika linalia na wenzao watauliza. Mtoto aliyesoma na kuelewa ndiye atakayenyamaza akisikia mlio ule.

Kijana_wa_Beseni
Nimeuza visheti tangu darasa la tatu. Mwambie binti asimpe yule mtoto hela mbele za watu, inadhalilisha. Mimi kuna dada mmoja alikuwa ananiazima vitabu, nasoma kivulini mchana biashara ikilala. Nilimheshimu kuliko walioninunulia beseni zima.

MamaNeema
Asanteni sana. Nesi, naweza kumleta hapo kliniki aone mwenyewe?

NesiCTC
Siku ya kliniki hapana dada yangu, wale wamekuja kutibiwa, hawajaja kutazamwa. Ulizia kituo cha afya cha karibu yenu siku ya huduma rafiki kwa vijana. Aje na maswali yake yote, na baba yake mje naye.