Korosho ya 2018: Magufuli alituokoa au alituumiza?

Mleta mada, Newala
Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa. Msimu wa 2018 wanunuzi walikuja mnadani na bei za chini ya 3,000 kwa kilo, wakati mwaka wa nyuma tulishapita 4,000. Wakulima tukagoma. Novemba 12 Magufuli akatangaza serikali inanunua korosho yote kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja kusomba. Mimi nasema rais mwingine asingethubutu. Mwenye hoja tofauti aje.

Mwana Tandahimba
Kuthubutu na kulipa ni vitu viwili. Mzee wangu alipeleka gunia 14 ghalani mwezi huohuo wa Novemba. Hela inaingia, muda wa kupuliza dawa ya salfa umeshapita. Mikorosho ikaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga. Msimu uliofuata alivuna gunia 5.

Masasi Kwetu
Mjomba, tuseme ukweli. Waliocheleweshwa ni kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kwa bakuli mtaani, nje ya mnada. Wenye mashamba yao walihakikiwa wakalipwa. Utamlipaje mtu anayedai tani tano na hana mkorosho hata wa kivuli?

Mwana Tandahimba
Unamwita baba yangu kangomba? Mikorosho ile kapanda babu, mingine siwezi kuikumbatia ikaisha. Futa kauli.

Masasi Kwetu
Mzee wako sijamtaja. Ila kama kiatu kimekutosha, sikuvui.

Mleta mada, Newala
Jamani, turudi kwa rais. Alitumbua mawaziri wawili kwa ajili yetu, Tizeba wa kilimo na Mwijage wa biashara. Lini kusini tuliwahi kupiganiwa hivyo?

Mstaafu, Lindi mjini
Wanangu, mnaanza hadithi katikati. Juni ya mwaka huohuo Bunge liliondoa ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho nje ya nchi iliyokuwa inarudi kwenye mfuko wa zao. Wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mfuko ule ndio uliobeba pembejeo. Rais aliyekuja na malori Novemba ndiye huyohuyo wa Juni.

Binti wa Nachingwea
Shikamoo mzee. Mimi bado niko kwenye hilo neno kangomba, maana mnalirusha kama jiwe kwenye embe. Mama aliuza kwa njia hiyo mwezi wa tisa, zile korosho za kwanza kudondoka. Mdogo wangu alikuwa amelazwa. Jirani akaja na bakuli lake, akarundika mpaka zinamwagika, akasema hiyo ni kilo, akatoa 1,000. Mama anauza dagaa, mizani ipo ndani. Usiku tukapima kwa bakuli la ukubwa uleule: kilo moja na robo. Sasa niambieni, kangomba ni nani pale? Anayenunua au anayeuza?

Masasi Kwetu
Wote. Anayeuza ndiye anayemlea huyo mnunuzi. Ndiyo maana nilimuunga mkono Magufuli kuwabana.

Mwana Tandahimba
Aliwabana akatubana na sisi. Na ule mkataba wa Januari 2019 na kampuni ya Kenya, Indo Power, tani 100,000? Ulivunjika, korosho zikabaki ghalani, baba akawa anakopa unga.

Binti wa Nachingwea
Kaka wa Masasi, mama yangu hakumlea mtu. Alikuwa na mtoto kitandani na AMCOS, chama chetu cha ushirika, haijafungua hata kupokea. Sema angefanya nini.

Masasi Kwetu
Dada, pole kwa mgonjwa. Ila bakuli la huku halizidi kilo, hiyo robo umeiongeza.

Binti wa Nachingwea
Nenda kapime. Usisawazishe kwa kiganja, rundika kama wanavyorundika wao, halafu uje uandike hapa umepata ngapi.