Ukoo wa Chumbageni: barafu ya machungwa na soda za Idd

Salma (Tabata): Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa zangu. Baba Mkubwa, gunia la machungwa limefika, nimelifuata stendi ya Mbezi asubuhi.

Baba Mkubwa (Muheza): Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Umeyahesabu? Konda yule simwamini.

Salma: 😂 Yametimia. Machache yamebonyea njiani, nikaona nisiyatupe. Oneni.

*[picha]*

Salma: Sorbeti ya machungwa. Haina maziwa wala yai. Juisi, sukari, maji na ndimu, basi.

Shangazi Rehema (Tanga): Si barafu hiyo jamani? Barafu tumeuza sisi getini shuleni tangu wewe hujazaliwa.

Salma: Ni barafu iliyosoma, shangazi. Hii unaichota kwa kijiko, haivunji meno.

Ma Mdogo Zaina (Tanga): Mama ameiona picha. Anauliza mbona imepauka, hayo machungwa gani?

Abdul (Muscat): Bibi kasema kweli, mi nilidhani ni ndimu. Machungwa ya huku dukani yanang'aa utafikiri yamepakwa rangi.

Baba Mkubwa: Abdul umekaa Uarabuni mpaka umesahau kwenu. Chungwa la Muheza linaiva likiwa kijani. Ganda linageuka rangi likipata baridi ya usiku, na pwani usiku wetu ni joto, hivyo ukijani haung'oki. Utamu uko ndani. Hayo ya huko yanatoka nchi zenye usiku wa baridi.

Abdul: Nimekoma baba mkubwa 🙏

Shangazi Rehema: Salma tia rangi ya biriani kidogo tu, itoke kama Fanta.

Salma: Shangazi!!!

Shangazi Rehema: Nini sasa? Macho nayo yanakula.

Mwanaisha (Kisauni): Mimi nipo upande wa Salma. Lakini hebu tueleze umeipikaje, picha tu hatushibi.

Salma: Haya. Juisi vikombe vitatu, yaani kama 750 ml. Sukari robo kilo, maji kikombe kimoja. Kabla ya kukamua, parua ganda la machungwa mawili kwa kile kikwaruzo cha karoti, chukua ukijani tu. Ukiingia kwenye nyeupe ujue umeukaribisha uchungu. Hayo maganda, sukari na maji chemsha pamoja mpaka sukari iyeyuke, epua, iache ipoe kabisa. Juisi yenyewe haigusi moto. Ukiichemsha inageuka ladha ya jemu. Chuja ile sukari yako, changanya na juisi, kamulia ndimu mbili, tia chumvi chembe.

Shangazi Rehema: Chumvi?

Salma: Chembe, shangazi. Kwani kwenye vitumbua hutii? Halafu uonje. Inatakiwa ikukere kwa utamu, kwa sababu ikishaganda ulimi unakufa ganzi na ule utamu hausikiki wote. Wanaoonja wakasema "imetosha" ndio wanaokuja kulalamika baadaye kwamba haina utamu.

Juma (Admin): Mwalimu wangu mmoja wa chuo alikuwa anapima kwa yai. Unaliosha yai bichi, jipya, na ganda lake, unalitumbukiza kwenye ule mchanganyiko. Likizama sukari haijafika. Likielea na kutoa kipara cha ukubwa wa sarafu, sawa.

Abdul: Juma na vyuo vyake

Salma: Lakini ni kweli! Sukari ndiyo inayoizuia isiwe jiwe. Maji matupu yanaganda yote. Yenye sukari yanabakiza majimaji katikati ya chembe za barafu, ndiyo maana kijiko kinaingia. Basi, iweke friza kwenye bakuli pana, ikianza kushika pembeni ikwangue kwa uma uilete katikati, uirudishe. Rudia kila baada ya nusu saa mpaka yote iwe laini. Usipokwangua chembe zinakua kubwa, utatafuna barafu.

Ma Mdogo Zaina: Na Mama je? Sukari yake juzi ilipanda, hiyo robo kilo hapana.

Salma: Ya Bibi nitaipunguzia sukari nusu. Itakuwa ngumu, lakini naikwangua kwa uma mpaka iwe kama chenga, anakula hivyo hivyo. Na iwe vijiko viwili ma mdogo, maana juisi yenyewe ina sukari yake.

Ma Mdogo Zaina: Ameshasikia. Anasema vijiko viwili vya nani, vya chai au vya upawa.

Juma (Admin): 😂😂😂

Mwanaisha: Sasa mimi friji yangu ni ile ya mlango mmoja, hapo juu kinaganda kikombe tu. Na umeme ndio huo, mara upo mara haupo.

Baba Mkubwa: Friza ya nini? Sisi tulipokuwa vijana tuligandisha kwa ndoo. Unachukua sufuria ndogo yenye mfuniko, unaiweka ndani ya ndoo, unazungushia barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, barafu vipimo vitatu chumvi kimoja. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke huku joto lake likishuka chini kuliko la barafu yenyewe. Unaizungusha sufuria kwa mkono kama unachezesha usukani, unafunua, unakwangua, unafunika. Nusu saa imeshika.

Baba Mkubwa: Barafu tulikuwa tunaifuata Deep Sea kwa wavuvi. Ile ya samaki, lakini inakaa nje ya sufuria kwa hiyo haina neno. Muhimu maji ya chumvi yasiingie ndani.

Mwanaisha: Subhanallah, hii nataka kuijaribu kesho. Barafu ya samaki huku tele.

Shangazi Rehema: Harufu je?

Baba Mkubwa: Mfuniko, Rehema. Mfuniko.

Abdul: Mimi mmenikumbusha Fanta ya Idd. Wallahi sijawahi kunywa kitu kitamu vile tena.

Shangazi Rehema: Eeeh! Ile chupa ya mapete! Kioo kilikuwa na mapete kuanzia shingoni mpaka chini. Tulikuwa wanne kwa chupa moja, mimi, Zaina, marehemu kaka Athumani na Hamisi. Mama anatoa amri, kila mtu mapete yake. Unakunywa kidole gumba kimeshikilia pete yako ya mwisho, na wenzako wamekukodolea macho kwenye koo wanahesabu mafunda.

Ma Mdogo Zaina: Na mimi mdogo nilikuwa wa mwisho. Nakuta mate na gesi imekwisha.

Shangazi Rehema: Wewe ulikuwa unalia tukakupa na kizibo ulambe.

Juma (Admin): Sisi tulitoboa kizibo kwa msumari, tundu dogo, soda unainyonya tone tone kutwa nzima. Mwenye Fanta yake imetobolewa alikuwa tajiri wa mtaa mpaka magharibi.

Abdul: Halafu ukitikisa kidogo inakurukia machoni 😭

Juma (Admin): Halafu mwenye duka anakusimamia kichwani maana chupa ni yake. Huondoki nayo. Ukitaka kwenda nayo nyumbani uache hela ya chupa, na hela ya chupa hatukuwa nayo.

Mwanaisha: Huku kwetu nyumbani soda ilikuwa ya wageni. Watoto tulinyweshwa Tree Top, ile ya machungwa unaizimua kwa maji. Mama alikuwa akiizimua mpaka ukiangalia glasi unamwona mtu wa upande wa pili. Na soda ya Tarino nakumbuka kwa mbali, dada zangu wakubwa ndio waliifaidi.

Abdul: Huku watoto wa Kiomani utoto wao ni Mountain Dew na Chips Oman. Wanazivunja zile chips ndani ya chapati na jibini, wanashushia na Dew. Na Ramadhani ikikaribia maduka yote yanajaa Vimto, chupa zimepangwa kama ukuta. Mzee mmoja jirani yangu ananiambia Vimto ni ya Waarabu. Nikamwambia ami, hiyo imetengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1908. Hakuniongelesha siku mbili.

Juma (Admin): Ndivyo ilivyo. Hata Fanta yenu hiyo mnayoililia, ilianza Ujerumani mwaka 1940 katikati ya vita. Malighafi za Coca-Cola zilikuwa haziingii, wakaokoteza kilichokuwepo, maji yanayobaki ukitengeneza jibini na makapi ya matofaa. Ya machungwa ilikuja baadaye, Naples huko Italia, mwaka 1955.

Shangazi Rehema: Makapi!

Ma Mdogo Zaina: Ndiyo maana Salma akasema anaokoa yaliyobonyea 😂

Ma Mdogo Zaina: Subirini. Mama anataka kuongea, ananiambia niandike.

Ma Mdogo Zaina: Anasema: "Nyie mnazungumzia Fanta ya kugombea. Mimi nazungumzia ya kukosa. Arusi ya Hamisi, mwaka 1982."

Baba Mkubwa: Mama tafadhali.

Ma Mdogo Zaina: Anasema "mwambie anyamaze, arusi yake lakini hangaiko langu."

Ma Mdogo Zaina: Haya naandika anavyosema. Wakati ule kila kitu foleni, sabuni foleni, sukari foleni, unga foleni. Soda za arusi huzipati mpaka uwe na kibali. Babu yenu alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mwisho akaandikiwa kreti nne. Kreti nne ni chupa 96. Walioalikwa hawakupungua mia tatu, na arusi ya Tanga mnaijua, asiyealikwa ndiye anayewahi.

Abdul: 😂😂 Bibi

Ma Mdogo Zaina: Wakakaa wanawake usiku wakaamua, soda ni za meza ya bwana arusi, masheikh na wakwe. Wengine wote maji ya danzi, lile chungwa chachu. Nyuma ya nyumba ya jirani palikuwa na midanzi miwili imezaa mpaka matawi yameinama. Wakakamua usiku kucha, vidole vimewauma kwa asidi. Sukari ilikuwa ya kuungaunga, kila nyumba ilitoa kibaba kidogo. Wakatia iliki, wakaweka mapipa mawili ndani ya maji baridi, juu magunia yaliyolowa.

Ma Mdogo Zaina: Na anasema asubuhi yake masheikh wenyewe waliacha soda wakaomba danzi.

Baba Mkubwa: Hilo ni kweli. Chupa nyingine zilibaki zimejaa, kina Athumani wakazimaliza jikoni.

Shangazi Rehema: Ndiyo siku pekee niliyokunywa Fanta nzima peke yangu. Nilitapika.

Mwanaisha: 💀

Salma: Bibi hujawahi kunisimulia hii! Danzi na iliki… hiyo ikigandishwa itakuwa balaa. Danzi lina uchachu na ule uchungu kidogo wa ganda, halihitaji hata ndimu. Ila sukari itabidi iongezwe, danzi halina utamu wa kwake kama chungwa. Nadhani robo kilo na nusu ya robo kwa juisi ile ile.

Salma: Iliki niipasue niichemshe na sukari, nichuje.

Ma Mdogo Zaina: Mama anasema tatu tu, usiifanye chai.

Salma: Sawa Bibi ❤️ Basi Idd ya kuchinja nakuja nayo. Hapana, naja kuifanyia hapo hapo, kwenye basi itafika juisi. Baba Mkubwa danzi zinapatikana?

Baba Mkubwa: Kazi hiyo. Siku hizi kila mtu anataka miti ya kubebesha, chungwa tamu juu ya shina la mlimau, inazaa haraka na gari linakuja kununua shambani. Mdanzi nani anaupanda? Kwangu sina. Kuna mzee mmoja njia ya Amani ana mmoja, nitamwona Jumapili.

Shangazi Rehema: Ule wa nyuma kwa jirani ulikatwa wakajenga vyumba vya kupangisha.

Juma (Admin): Kazi tugawane basi. Barafu na chumvi ya mawe mimi. Salma jikoni. Mwanaisha ukivuka mpaka wa Horohoro tuletee achari. Sukari kilo tatu, nani?

Abdul: Sukari na vikombe mimi, natuma hela leo. Vikombe vya kuosha, siyo vya kutupa. Na mtu anipigie video wakati Bibi anaonja.

Ma Mdogo Zaina: Vijiko viwili!

Abdul: Vya chai ma mdogo, vya chai

Shangazi Rehema: Yote sawa. Lakini kreti ya soda nayo iletwe. Msije mkatunyima soda siku ya Idd kwa ajili ya mambo ya kisomo.

Juma (Admin): Kreti moja mchanganyiko. Baridi au moto?

Shangazi Rehema: Stoney za moto, nina kifua. Nyingine zote baridi.